Nyumba za mawe za Mani: kabla ya kulipa, uliza ukuta unatazama wapi

Nyumba za mawe za likizo zilizotapakaa juu ya kijiji cha Kardamyli, katika rasi ya Mani kusini mwa Ugiriki, zinastahili sehemu kubwa ya sifa zake. Mgongoni kuna milima ya Taygetos, ambayo kilele chake kinapita mita 2,400, na mbele kuna Ghuba ya Messinia. Ila picha za matangazo karibu zote hupigwa machweo, na jua hilohilo la machweo ndilo litakaloamua utalala vipi mwezi wa Agosti.

Ukuta wa zamani wa Mani una unene wa sentimita 50 hadi 70, mawe ya chokaa tupu. Unene huo hauzuii joto, unalichelewesha tu. Jua linalopiga ukuta saa kumi alasiri linajitokeza ndani usiku wa manane au hata alfajiri, wakati ule unaotaka kulala. Na kwa kuwa mlima uko mashariki, asubuhi jua huchelewa kufika, halafu upande wa magharibi, ule wenye mandhari ya bahari, unachomwa tangu saa nane mchana mpaka karibu saa tatu usiku katika Juni na Julai. Kwa hiyo chumba chenye mandhari bora mara nyingi ndicho chenye usingizi mbaya kuliko vyote. Siku mbili za kwanza za wimbi la joto nyumba huwa baridi na kila mtu huisifu. Mawe yakishashiba joto, sifa hukoma.

Dawa yake inajulikana. Funga vioo na mbao za madirisha kuanzia saa tatu asubuhi, usifungue mpaka jua lizame. Usiku fungua dirisha moja la chini na moja la juu kwa pamoja, hewa moto ipande itoke. Kama ghorofa ya chini ina dari la kuba, lililokuwa zizi au ghala zamani, hapo ndipo pa kulala. Kiyoyozi kiwashwe mapema kwa kiwango kidogo. Ukikiwasha saa tano usiku kinapoza hewa tu, ukikizima ukuta unakurudishia joto lote. Na uliza viko vingapi, vyumba gani. Neno “kiyoyozi” katika tangazo linaweza kumaanisha kimoja, sebuleni.

Aprili mambo hugeuka. Mawe bado yana baridi ya kipupwe, mashuka yana unyevunyevu, na nyumba iliyofungwa miezi mitano inahitaji siku mbili tatu za kupashwa moto kabla haijakaa sawa. Kwa maoni yetu Juni mwanzoni na Septemba ya mwisho ndiyo miezi inayostahili bei yake.

Si kila nyumba ya mawe ni ya mawe. Nyingi mpya ni zege na matofali, zikavalishwa mawe nje. Tazama kina cha dirisha: ukuta wa kweli unaacha kizingiti ambacho mtu mzima anaweza kukalia. Hiyo ya kuvalishwa si ya kudharau, kwa kuwa huwa na nondo na kizuia joto katikati ya ukuta, katika eneo ambalo tetemeko la Septemba 1986 liliubomoa mji wa Kalamata.

Barabara, sasa. Uwanja wa ndege wa Kalamata uko magharibi mwa mji, Kardamyli iko kilomita kama 35 kusini-mashariki ya mji huo, na kona ni nyingi: tenga saa moja na zaidi. Chukua gari dogo, maana vichochoro vya vijiji kama Exochori na Proastio vilipimwa kwa punda. Mwenye leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya aangalie mapema kama anatakiwa kuwa na kibali cha kimataifa. Kampuni ya magari inaweza kumkatalia funguo. “Dakika kumi kutoka baharini” ni dakika za gari. Kwa miguu kuna kalderimi, njia ya kale iliyotandikwa mawe, inayoteremka toka Exochori mpaka Kardamyli. Kuteremka ni raha, kupanda mchana wa Julai ni adhabu. Ufukwe wa Ritsa ni kokoto, vaa viatu vya maji. Wenye watoto waende Kalogria au Stoupa penye mchanga, wasishtuke maji yakiwa baridi ghafla, kwani chemchemi za mlimani hutokea chini ya bahari.

Watoto wanahitaji jicho nyumbani pia. Viwanja vimejengwa ngazi kwa ngazi, na kati ya ngazi moja na nyingine kuna ukuta wa mawe wa mita moja hadi mbili, aghalabu bila reli. Bwawa nalo laweza kukosa uzio. Usiku kung'uta viatu. Nge wadogo hupenda nyufa za mawe.

Karatasi za mwenye nyumba si jambo la kuona haya kuuliza. Tangazo lazima lioneshe namba ya usajili ya mamlaka ya kodi, iitwayo AMA. Tangu Oktoba 2025 sheria inadai pia bima ya dhima (ya kumfidia mgeni akidhurika), cheti cha fundi umeme, king'amua moshi, mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza. Nyumba inayojitegemea yenye zaidi ya mita za mraba 80 inatozwa ada ya tabianchi ya euro 15 kwa siku, Aprili hadi Oktoba, na euro 4 miezi mingine. Uliza kama imo ndani ya bei, maana kwa wiki ni euro 105.

Maji ya moto hutoka kwenye tangi la jua juu ya paa. Watu sita wakioga jioni, wa saba ataoga baridi. Swichi ya akiba iko kwenye kisanduku cha umeme: lita 200, kwa hita ya kilowati 4, huchukua kama saa moja na nusu kutoka nyuzi 20 hadi 45, kisha izime. Karatasi ya chooni haitupwi chooni. Mabomba ni membamba na maji taka huishia kwenye shimo la nyumba yenyewe, hivyo kile kikapu chenye kifuniko kando ya choo ndiyo kazi yake. Ikiziba Jumapili, fundi atatoka Kalamata, na ile barabara yenye kona unaijua.