Mashine mbili za mizigo kwenye reli yangu ya mezani: mlima zinaweza, kona ni shida

Kwa kuvuta, sina neno. Ni mashine mbili, yaani vichwa vya treni vidogo, za mfano wa SD40-2 ya Marekani, ile dizeli ya ekseli sita yenye nguvu farasi 3,000 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1972. Kipimo chake ni HO, yaani 1:87, kwenye reli ya upana wa milimita 16.5. Najua wenzangu wa Lubumbashi wataniuliza kwa nini si mashine za kwetu. Reli yetu ya kweli ina upana wa milimita 1,067. Gawa kwa 87, unapata kama milimita 12, na mashine ya Katanga ya upana huo sijaiona dukani. Basi kwangu Wamarekani ndio wanaovuta shaba ya Kolwezi.

Nilianza na mlima. Reli yangu inapanda sentimita 3 kwa kila mita. Mabehewa niliyatia kokoto mpaka yakafikia uzito unaopendekezwa na NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano: aunsi 1, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, kwa hiyo behewa la inchi 6 lina gramu kama 113. Mashine moja ilipanda na mabehewa 14. La 15 magurudumu yakateleza. Zote mbili zilibeba kila behewa nililonalo.

Kuzifunga pamoja kunataka subira. Zinatoka kiwandani zote na anwani 3 ya DCC (mfumo wa kuongoza treni za mfano kwa amri zinazopita kwenye umeme wa relini), kwa hiyo ukiziweka relini kwa pamoja zinatii amri moja. Weka moja peke yake, ipe namba yake, ndipo ulete ya pili. Hata hivyo mwendo haukulingana, ya nyuma ikawa inaisukuma ya mbele. Nilishusha CV 5 na CV 6 (CV ni namba za mpangilio ndani ya mashine; hizi mbili ni za mwendo wa juu na wa kati) za ile yenye haraka mpaka zikaenda sawa.

Baba mkubwa, dereva wa treni mustaafu, alitazama zinavyoondoka akacheka: "Mutoto yangu, treni ya shaba haiondoke sawa teksi. Acha mabehewa ikazane kwanza." Nikapandisha CV 3, inayoamua muda wa kushika mwendo. Sasa unasikia ndoano zinakazana, tk, tk, tk, mpaka behewa la mwisho.

Lawama yangu ni kona. Kwenye nusu kipenyo cha sentimita 45, ekseli tatu za kila boji, ile fremu ya magurudumu chini ya mashine, zinabanwa, na behewa refu linalofuata linavutwa nje ya reli. Maelezo ya kwenye boksi yanadai inapita. Inapita, ndiyo, ikiwa tupu na polepole. Kwenye sentimita 60 haina tatizo.

Na vumbi letu jekundu la Agosti! Reli isipofutwa kwa spiriti, sauti inakatika na taa zinapepesa. Lipia zaidi upate mashine yenye kapasita ndani, inayotunza umeme kidogo.

Mwenye meza ndogo atafute mashine ya ekseli nne. Mimi nimeshabomoa kona ya upande wa dirisha nizipate hizo sentimita 60, na kabati la mke wangu limebidi lisogee.