Vidonge vya bakteria wa meno: miezi minne, dola 28 kwa kopo

Nimemung'unya vidonge vya bakteria aitwaye M18, wa kupunguza meno kutoboka, lakini kwanza mjue mdomo wenyewe. Nimekulia Usa River, chini ya Mlima Meru, na meno yangu ni ya kahawia kama ya nusu ya wenzangu wa darasa la saba. Ni yale maji yetu yenye madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwetu kuna visima vinavyopita hapo mbali sana. Hapa Columbus, Ohio, floraidi wanaitia kwenye maji ya bomba kwa makusudi, ila kidogo, kama miligramu 0.7 kwa lita. Daktari wa meno wa kwanza kuniona huku aliniuliza nimeanza sigara nikiwa na miaka mingapi. Sijawahi kuvuta hata moja.

Lakini kahawia ni kahawia, kutoboka ni kitu kingine. Kutoboka nilikuja kukupatia huku, ghalani, zamu ya usiku: soda ya nusu lita saa nane, nyingine saa kumi na moja ili nisisinzie. Mwezi wa tatu mwaka jana nikaambiwa magego mawili yametoboka, yazibwe. Bima ya kazini ikalipa upande, mimi upande. Bili yangu nimeibandika kwenye mlango wa friji.

Kijana mmoja tunayepakia naye mizigo ndiye aliyeniambia kuna bakteria unapakwa mara moja tu, basi, umemalizana na kutoboka. Anauzwa kwa jina la Lumina. Nikadhani ananitania. Nikaanza kusoma wakati wa mapumziko, na kisa chenyewe kikaninogea kuliko nilivyotarajia.

Sukari peke yake haiozeshi jino. Yupo bakteria, Streptococcus mutans, anayeila na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayotafuna jino. Mtafiti Jeffrey Hillman wa Chuo Kikuu cha Florida alipata mutans mmoja mkorofi, anayetoa sumu inayoua mutans wenzake na kubaki anatawala mdomo. Akamnyang'anya jeni ya kutengeneza asidi, akampachika nyingine kutoka kwa Zymomonas mobilis, ili sukari anayokula iishie kuwa pombe kidogo badala ya asidi. Na huyu Zymomonas ni nani? Ni mmojawapo wa wale wanaochachusha tembo la mnazi! Nikamsomea mke wangu, mtu wa Tanga. Akaacha kukunja nguo akaniangalia: "Baba Neema, kwa hiyo unataka kuajiri mgema mdomoni?"

Pombe yenyewe ni chembe tu, mate yanaisomba, hulewi. Mimi hilo halikunisumbua. Kwa panya walioambukizwa bakteria huyo kazi ilionekana, meno yalioza kidogo. Kwa watu ndipo mambo yalipokwama. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitaka aanze kujaribiwa kwa watu wasio na meno yao, wanaovaa ya bandia, ili akileta balaa aweze kuondolewa. Watu wa namna hiyo, tena vijana, utawatoa wapi? Jaribio halikufika mbali. Miaka ikapita, kampuni ya Lantern Bioworks ikamchukua, ndiyo hiyo Lumina, na mwanzoni mwa 2024 ikawa inampaka watu huko Próspera, kisiwani Roatán, Honduras, kwa dola 20,000. Baadaye wakafungua oda za Marekani kwa dola 250, bila ya yule bakteria kuidhinishwa na FDA kama dawa.

Dola 250 ningezitafuta. Kilichonirudisha nyuma ni Neema. Ana miaka miwili, na akipenda mtu humlisha biskuti aliyokwisha kuilamba pande zote. Bakteria wa meno watoto huwapata hivyo hivyo, kwa mate ya wazazi. Nikipaka mimi, huenda nimempaka na yeye, na yeye hajaulizwa. Kitu kilichotengenezwa kisitoke ningependa nione kwanza meno ya watu elfu kadhaa baada ya miaka kumi.

Basi nikanunua binamu yake mpole: vidonge vya kumung'unya vyenye Streptococcus salivarius M18. Huyu hajabadilishwa jeni, ni wa kawaida wa mdomoni, na ukoo wa utafiti wake unaanzia kwa John Tagg wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand. Anabanana na mutans kugombea nafasi, na ana vimeng'enya viwili: kimoja kinayeyusha ule utando unaonata kwenye meno, kingine kinapunguza makali ya asidi. Ukiacha kumeza, taratibu naye anaondoka. Kwangu hiyo ni sifa, kwa muuzaji ni biashara ya kudumu.

Matumizi: piga mswaki usiku, weka kidonge juu ya ulimi, usitafune, usinywe maji tena. Kwangu mimi wa zamu, "usiku" ni saa mbili asubuhi, mapazia yakiwa yamefungwa. Sekunde za kwanza ni mnanaa, kisha inabaki ladha ya chaki ya ubaoni, na ungaunga unaokwama kwenye magego yaliyozibwa. Dakika tano hivi. Kopo la pili nililiharibu mwenyewe: nililisahau ndani ya gari mwezi wa saba, jua la kuchemsha chai, na hao ni viumbe hai. Niliendelea kuvimung'unya vile vile, dola 28 haitupwi, lakini nadhani nilikuwa nakula maiti.

Mabadiliko? Ule utando wa asubuhi, ukipitisha ulimi nyuma ya meno ya chini, ulipungua kuanzia wiki ya tatu. Harufu ya mdomo pia, kwa ushahidi wa mke, ambaye hana tabia ya kunibembeleza. Nilipokaguliwa mwezi wa tisa, hakuna tundu jipya. Ila katikati hapo niliacha soda ya saa kumi na moja, na nikaanza uzi wa meno, kwa hiyo anayetaka kumpa M18 sifa zote ampe, mimi siwezi.

Nawapa nyota tatu. Nne kama wangeiondoa ile chaki.

Mama nilimweleza kwa simu. Akanyamaza kidogo. "Bakteria unanunua? Kwani huko hawapo?" Kopo limebakiza vidonge kumi na kimoja. Nimelipandisha juu ya kabati, maana Neema ameshaviita pipi za baba.