Oyez: Kusikiliza Kesi za Mahabusu wa Kijeshi Badala ya Kuzisoma Tu

Anayetaka kuelewa haki za kisheria za mahabusu wa kijeshi wa Marekani kwa kawaida huanza na hukumu zenyewe, na mara nyingi huishia njiani, kwa kuwa hukumu hizo ni ndefu na karibu kila jaji ameandika lake. Oyez, hifadhi ya mtandaoni isiyotoza ada, inamfungulia mlango mwingine: sauti za mawakili na majaji wakibishana siku kesi iliposikilizwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilianza kurekodi mabishano hayo mwezi Oktoba 1955, na hifadhi hii imeziambatanisha rekodi na maandishi yanayokwenda sambamba na sauti, pamoja na jina la kila anayesema.

Hilo la majina laweza kuonekana dogo, lakini kwangu ndilo linaloipa huduma hii thamani. Kabla ya muhula ulioanza Oktoba 2004, kumbukumbu rasmi za Mahakama hazikumtaja jaji aliyeuliza. Ziliandika tu kwamba limeulizwa swali. Kesi tatu kubwa za mahabusu, yaani Rasul dhidi ya Bush, Hamdi dhidi ya Rumsfeld na Rumsfeld dhidi ya Padilla, zilisikilizwa Aprili 2004, miezi michache tu kabla ya utaratibu huo kubadilika. Msomaji wa karatasi anaona maswali yasiyo na mwenyewe. Msikilizaji wa Oyez anajua nani alimbana nani.

Mfano ulio bora kuliko yote umo katika kesi ya Padilla, raia wa Marekani aliyezuiliwa na jeshi bila kushtakiwa, iliyosikilizwa tarehe 28 Aprili 2004. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyejulikana kwa kusema polepole, alimuuliza wakili wa Serikali, Paul Clement, ni kitu gani kingeizuia Serikali iwapo ingeamua kwamba mateso kidogo yatasaidia kupata habari kutoka kwa mtu aliyezuiliwa. Clement alijibu kwamba Serikali ya Marekani haifanyi hivyo. Jioni ya siku hiyohiyo televisheni ya CBS ilionyesha picha za mateso ya wafungwa wa Abu Ghraib, gereza la Iraq lililokuwa mikononi mwa jeshi la Marekani. Nimelirudia swali hilo na jibu lake mara kadhaa, na sidhani kuna kitabu cha sheria kinachoweza kufundisha kwa dakika chache namna hiyo kwa nini mahabusu anahitaji hakimu na si ahadi.

Muhtasari ulioandikwa kwa kila kesi, wenye maelezo ya tukio, hoja na uamuzi, ni mzuri kwa anayeanza, lakini usomwe kwa tahadhari. Kuwagawa majaji katika walio wengi na walio wachache kunafaa kesi nyepesi. Hakutoshi kwa Hamdi, raia wa Marekani aliyeshikwa kama mpiganaji adui. Jaji Sandra Day O'Connor, akiungwa mkono na wenzake watatu, alisema kwamba raia kama huyo ana haki ya kuelezwa sababu za kuzuiliwa kwake na kuzipinga mbele ya mwamuzi asiyependelea. Jaji Antonin Scalia, pamoja na Jaji John Paul Stevens, alipinga uamuzi huo, na mgeni atadhani basi walisimama na Serikali. Kumbe walikwenda mbali zaidi: ama raia ashtakiwe, ama aachiwe, isipokuwa Bunge liwe limesimamisha habeas corpus, ile amri ya kumtaka mshikaji aeleze mbele ya hakimu kwa nini amemzuilia mtu. Aliyekuwa upande wa Serikali moja kwa moja ni Jaji Clarence Thomas peke yake.

Boumediene dhidi ya Bush, iliyoamuliwa tarehe 12 Juni 2008 kwa kura 5 dhidi ya 4, inasikilizika kwa urahisi zaidi, kwani hoja kuu ni moja: je, Katiba inafika Guantánamo, kambi wanakozuiliwa mahabusu wa kigeni, katika ardhi ambayo Marekani inaikalia kwa mkataba wa kukodi wa mwaka 1903 huku Cuba ikibaki na mamlaka ya jina? Mahakama ilijibu kwamba haki ya habeas corpus inafika.

Hapo ndipo pia mpaka wa huduma hii unapoonekana. Kwa kuwa inahusu Mahakama ya Juu, haimfuati mahabusu anaporudi katika mahakama za chini za Washington, ambako maombi yaliyofunguliwa baada ya Boumediene yalisikilizwa moja moja, wala haimpeleki msikilizaji ndani ya tume za kijeshi, yaani mahakama maalumu za jeshi zinazowahukumu baadhi ya mahabusu. Atakayeishia hapo anaweza kuamini kwamba ushindi wa 2008 ulifungua milango ya gereza, ilhali ulifungua milango ya mahakama tu. Kwa huyo ningeshauri aanze na Rasul, kesi ya wageni waliozuiliwa Guantánamo, apitie Hamdi na Padilla kwa pamoja kwa kuwa zilisikilizwa siku moja, kisha Boumediene, akiwa na hukumu kamili pembeni na Kiingereza cha kutosha, maana mawakili hao husema kwa kasi na hakuna tafsiri ya Kiswahili.