Kamera ya Kunasa Vimondo: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Muuzaji wa kamera atakutajia megapikseli kabla hujaketi. Mwache amalize, kisha muulize mambo mawili: lenzi ni f ngapi (namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi), na je, taa zake za infraredi za kumulika usiku zinazimika? Kwa anayetaka kunasa vimondo, majibu hayo mawili yana uzito kuliko maandishi yote yaliyo kwenye boksi.

Sababu ni kwamba kimondo kina haraka. Chukua kamera yenye picha ya upana wa pikseli 1280 inayotazama digrii 88 za anga: kila digrii inapata pikseli 14 na ushee. Kimondo kinachokatiza digrii 20 kwa sekunde kinapita juu ya pikseli 290 hivi ndani ya sekunde hiyo, kwa hiyo kila pikseli inamulikwa kwa sehemu moja ya 290 ya sekunde, basi. Hata ukiiambia kamera ikusanye mwanga kwa sekunde 30, nyota zitang'aa zaidi na anga litazidi kuwa jeupe, lakini kimondo hakitaongezeka chochote. Kilichopatikana wakati kinapita ndicho hicho.

Ndiyo maana lenzi ndiyo inayobeba mzigo. Lenzi ya f/0.95 inaingiza mwanga zaidi ya mara nne ya ile ya f/2 yenye urefu uleule wa fokasi. Kwa hesabu za wanaanga hilo ni ongezeko la daraja moja na nusu la mng'ao, na kwa kuwa vimondo hafifu ni vingi kuliko vinavyong'aa, utaliona kwenye idadi ya asubuhi. Megapikseli 8 zilizobanwa kwenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea mwanga), kila pikseli ikiwa kijitundu, ni hasara kwa kazi hii. Mbili zinatosha.

Kwa mpangilio wangu, hizi ndizo za kununua.

1. Moduli ya IMX291 au IMX307, na Raspberry Pi

Hii ndiyo ninayompendekezea karibu kila mtu. Kinachouzwa ni kisahani cha kielektroniki tu, kamera ya mtandao isiyo na gamba, chenye sensa ya Sony ya familia ya Starvis. Ukiagiza kutoka China, kisahani na lenzi yake kwa kawaida havivuki dola 50 kabla ya usafiri na forodha. Gharama kubwa zaidi ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 au 5 itakayoiendesha.

Sifa yake kubwa ni watu waliokwisha kuitumia. Global Meteor Network, mtandao ulioanzishwa na Denis Vida, mtaalamu wa vimondo kutoka Kroatia anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Western nchini Kanada, una zaidi ya kamera elfu moja za namna hii duniani. Programu yao, RMS, ni ya bure. Jioni inajiwasha, inarekodi fremu 25 (picha moja moja za video) kwa sekunde, kila fremu 256 (yaani sekunde kumi hivi) inazikunja kuwa faili moja dogo, na alfajiri inachambua yenyewe na kukuonyesha ilichopata. Data zinatumwa baada ya usiku kuisha, kwa hiyo bando halikatiki saa nane za usiku ukiwa umelala.

Lenzi utachagua mwenyewe. Ya milimita 3.6 au 4 inashika digrii 88 hivi za upana, na ndiyo ya kuanzia. Ya milimita 16 inashika kama digrii 20 tu lakini inaona vimondo hafifu zaidi na inapima njia zao kwa usahihi mkubwa; hiyo ni ya mtu ambaye tayari ana ya kwanza. Hakikisha lenzi haina kichujio cha infraredi. Kamera za mchana huwekewa kichujio hicho ili rangi zisiharibike, lakini usiku kinakula mwanga unaouhitaji.

Gamba lake ni lile la kamera za ulinzi, linapatikana Kariakoo au Luthuli Avenue. Chukua lenye kioo bapa, usichukue kuba la plastiki: jua la kwetu linalipausha, na plastiki ikipauka nyota zinageuka madoa. Ziba kwa silikoni, weka ndani vile vifuko vya silika geli vinavyokuja na viatu vipya, na ukiwa pwani kagua skrubu mara kwa mara, maana chumvi haina huruma. Umeme na data vipite kwenye waya mmoja wa mtandao, ili juu ya bati kusiwe na kichaka cha nyaya cha kumkaribisha fundi mwenye mikono myepesi. Buibui watakuja tu. Mjusi naye.

Kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa Ulaya haitakueleza vizuri. Huko wanashauriwa kutoelekeza kamera kusini, kwa kuwa jua lao linapita upande huo mwaka mzima. Kwetu karibu na ikweta jua linapanda hadi utosini, na mwezi Juni linaegemea kaskazini. Kamera inayotazama juu kabisa itachomwa na jua la mchana kupitia lenzi ya f/0.95. Ukiwa Dar, Arusha au Nairobi, ielekeze kusini na kuiinua digrii 40 hivi: hata Desemba, jua linapokuwa kusini zaidi, saa sita mchana linapita juu ya ukingo wa picha.

Udhaifu wake ni kwamba utafunga vitu kwa mkono na kuandika amri kwenye Linux. Kama hilo linakutisha, soma namba mbili.

2. Wyze Cam v3, au pacha wake ATOM Cam 2

Kamera ndogo ya nyumbani ambayo nchini Marekani iliuzwa chini ya dola 40. Lenzi ni f/1.6, sensa inaona gizani, na inakula umeme wa USB, kwa hiyo benki ya umeme ya simu inaiendesha saa nyingi Tanesco ikikata. Japani, ambako ATOM Cam imepata umaarufu, wapenzi wa vimondo wameandika programu za kuchambua video zake. Unazima taa za infraredi, unawasha hali ya usiku, unaweka kadi ya kumbukumbu, kazi imeanza.

Usiku inashuka hadi fremu 15 kwa sekunde na inaibana video kwa nguvu, kwa hiyo vimondo hafifu vinaliwa humohumo. Itakupa vile ambavyo ungevishangilia kwa sauti kama ungekuwa nje. Kwa shule, au kwa mtoto anayesumbua na maswali ya nyota, ningeanza na hii bila kusita.

3. Kamera za ZWO ASI

ASI224MC na ASI178MM zimetengenezwa kwa ajili ya darubini, na hapo ndipo thamani yake ilipo: usiku huu vimondo, kesho unaifunga kwenye darubini na kutazama Mshtarii na pete za Zohali. Kama una darubini tayari, ipandishe hii hadi namba mbili.

Angalia lenzi lakini. Ile ya jicho la samaki inayoona anga zima ina tundu dogo, na wengi wanaoitumia wanaendesha programu ya Allsky, ambayo inapiga picha za mfiduo mrefu, yaani za kukusanya mwanga kwa muda, badala ya video. Picha zinavutia na vimondo vikubwa vinaonekana humo, ila hujui kilipita sekunde gani wala kwa kasi gani.

4. Watec 902H2 Ultimate, iliyotumika

Bibi wa fani hii. Mradi wa CAMS wa kurekodi vimondo, wa Peter Jenniskens wa Taasisi ya SETI huko California, ulijengwa kwa kamera hizi kuanzia 2010, na vikundi vingi vidogo vya vimondo vilithibitishwa kwa macho yake. Sensa yake ya CCD, aina ya zamani, bado inaona gizani vizuri ajabu. Tatizo ni kwamba ni ya analogi: unahitaji kifaa cha kuigeuza video kuwa ya dijitali, picha ni ndogo, na Sony ilitangaza 2015 kwamba inaacha kutengeneza CCD. Mpya iliuzwa kwa dola mia kadhaa. Mtu akikuuzia iliyotumika kwa bei ya kutupa pamoja na lenzi nzuri, ichukue. Kwa bei kamili, hapana.

5. Sony a7S na ndugu zake

Video nzuri kuliko zote, rangi ya kijani ya kimondo inaonekana kweli, na tangu ya kwanza ya 2014 ISO yake (usikivu wake kwa mwanga) inafika 409,600. Ilitoka kwa dola 2,500. Kwa mpiga video za harusi ambaye tayari anayo, ni zawadi. Lakini huwezi kuiacha juu ya bati kila usiku wa mwaka, na kimondo hakina ratiba. Kuna na Canon ME20F-SH, iliyotoka kwa dola 30,000 na ISO ya milioni nne. Naitaja ili ujue kwamba ukichaa una ngazi zake.

Na ile CCTV iliyoko getini?

Usinunue nyingine kwa ajili ya vimondo, ila iliyopo usiidharau. Jiwe la Mbale, Uganda, lilianguka tarehe 14 Agosti 1992 alasiri. Kipande kidogo kiligonga jani la mgomba kisha kikampiga kijana kichwani, bila kumdhuru. Lile la Thika lilianguka tarehe 16 Julai 2011, asubuhi. Yote mawili yalikuja mchana, kamera yako ya f/0.95 ikiwa imezimwa. Chini ya miezi miwili baada ya Mbale, tarehe 9 Oktoba 1992, kimondo kilipita mashariki mwa Marekani jioni ya Ijumaa, wazazi wakiwa viwanjani wanarekodi mechi za watoto wao. Video zaidi ya kumi zilipatikana, jiwe likatua juu ya gari lililoegeshwa Peekskill, na wanasayansi wakaweza kukokotoa njia lililokuwa likipita kuzunguka jua. Chelyabinsk, Urusi, Februari 2013, kamera za ndani ya magari zilifanya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo iinue CCTV kidogo ili robo ya juu ya picha iwe anga, na rekebisha saa yake. Mashine nyingi za kurekodi zina saa inayokosea kwa dakika nzima, na hakuna anayejali mpaka siku ya tukio. Vimondo vya Geminidi vinaingia kwa kilomita 35 kwa sekunde: saa ikikosea sekunde moja tu, kimondo kimeshasogea kilomita 35, na video yako hailingani tena na ya jirani.

Ipime kabla muda wa kurudisha haujaisha

Chagua usiku usio na mwezi. Kwa lenzi ya milimita 8 au 16, elekeza kwenye Kilimia. Simamisha video kwenye fremu moja, usiunganishe fremu, na uhesabu nyota. Alkioni, inayong'aa kuliko zote, ni ya daraja la 2.9, ya sita ni ya 4.3 (namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi). Ukiziona sita katika fremu moja, umepata kamera. Ukiona mbili, kitu kina kasoro: mara nyingi ni fokasi, au kichujio cha infraredi kilichosahaulika.

Lenzi pana itazibananisha mno nyota za Kilimia, kwa hiyo kwa milimita 4 tumia Msalaba wa Kusini, unaoonekana vizuri jioni kuanzia Aprili hadi Julai. Zile nne kila kamera inaziona. Tafuta ya tano, ndogo, pembeni, ya daraja la 3.6. Isipoonekana katika fremu moja nje ya mji, irudishe.

Kwa jaribio la vimondo vyenyewe, Geminidi za Desemba 13 na 14 ndizo nyingi kuliko zote, ila mawingu ya vuli yanaweza kukunyima. Eta Akwaridi za mwanzoni mwa Mei zinapanda vizuri kwetu kuliko Ulaya, masika ikiruhusu. Mimi ningeweka kamera juu Julai, wakati wa ukavu, ili Delta Akwaridi za Kusini za mwisho wa mwezi zinikute tayari.

Fedha ikibaki

Usinunue lenzi ya bei zaidi. Nunua kamera ya pili ya aina ileile, umpe mtu aliye kilomita 50 hadi 150 kutoka kwako. Kamera moja inakupa mstari kwenye picha, haijui kama kimondo kilikuwa karibu au mbali. Mbili zinakupa kimo, kasi na njia.

Arusha na Moshi, kwa mfano, ziko kilomita 73 hivi kwa mstari ulionyooka, mashariki na magharibi, na milima yote miwili iko kaskazini, haizibi kitu. Wa Arusha aigeuze kamera digrii 20 mashariki ya kusini, wa Moshi digrii 20 magharibi ya kusini, kila mmoja aiinue digrii 43. Zitakutana kwenye kimo cha kilomita 100 juu ya nyika ya Simanjiro, ndani ya ukanda ambamo vimondo vingi huwaka, kwa pembe ya digrii 29 hivi, ambayo inaitosha programu.