Mwaka mmoja wa kujifunza Kijerumani ukubwani: programu ya simu, kozi ya jioni na sufuria nilizoziharibu

Huduma ninazozitolea maoni hapa ni mbili, na zote nimezilipia kwa fedha yangu: programu ya simu ya kufundishia lugha, niliyoitumia mwaka mzima, na kozi ya jioni ya Kijerumani katika kituo cha elimu ya watu wazima cha mji ninaoishi. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Tanga, niliyemfuata mke wangu Ujerumani baada ya yeye kuajiriwa huku kama muuguzi. Kwa kuwa yeye huingia zamu, na zamu nyingine huanza alfajiri, jiko la nyumba yetu liliangukia mikononi mwangu, na Kijerumani nilichokihitaji zaidi katika miezi ya mwanzo kilikuwa cha pakiti, makopo na chupa. Ndiyo maana nitazipima huduma hizi kwa chakula kilichotoka jikoni, hata kama waliozitengeneza hawakuwa na kipimo hicho akilini.

Nilikuja nikiwa tayari na cheti cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa ya lugha, kwa sababu mwenzi anayemfuata mwenziwe Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kukionyesha kabla ya kupewa viza. Ngazi hiyo humwezesha mtu kujitambulisha, kutaja anapoishi na kuagiza kahawa; haimwandai kusimama mbele ya rafu ya unga wa kila aina akajua ashike upi. Niliamua kuendelea na programu ya simu kwa sababu ilikuwa rahisi kuipata na haikunidai nitoke nje wakati wa baridi. Inakuonyesha picha, inakutamkia neno, unachagua jibu, na ukikosa siku moja inakununia. Mazuri yake niyaseme mapema nisije nikayasahau: matamshi yake ni safi, na jinsia za nomino, yaani der, die na das, zimenikaa kichwani kwa sababu yake. (Mtu aliyekulia kwenye ngeli zetu hana haki ya kulalamikia jinsia tatu.) Kufikia mwezi wa tatu ilikuwa imenihesabia maneno mia saba, nami nikaiamini.

Mwezi huohuo nilitamani ugali. Katika supamaketi niliona pakiti iliyoandikwa Maisstärke. Neno Mais nililijua vizuri, kwani programu ilikuwa imenionyesha picha ya hindi bichi zaidi ya mara ishirini. Ndani ya pakiti mlikuwa na unga mweupe pepepe, laini kuliko sembe yoyote niliyowahi kuishika, unaolia kidogo ukiubana kwa vidole, nami nikachukulia tu kwamba mashine za kusagia za huku ni bora kuliko za kwetu. Maji yalipochemka niliutia kama mama alivyonifundisha. Papo hapo ulijikusanya kuwa madonge yenye ngozi ya kung'aa kwa nje na unga mkavu kwa ndani. Nikasonga kwa nguvu, nikaongeza unga, nikasonga tena, na kadiri nilivyosonga ndivyo sufuria ilivyozidi kujaa kitu kinachovutika na kupitisha mwanga, ambacho mwiko uliweza kusimama ndani yake bila kushikwa. Nilimpigia mama simu ya video nikaielekeza kamera kwenye sufuria. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huo si ugali. Huo ni wanga wa kutilia kanzu ya baba yako." Alikuwa amepatia bila kujua neno hata moja la Kijerumani, kwa sababu Stärke, neno nililolipita bila kulitazama, maana yake ni wanga.

Nimeeleza kisa hicho kwa kirefu kwa sababu karibu makosa yangu yote yaliyofuata yalitoka katika shina lilelile. Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe: ukisema unga wa mahindi au mafuta ya nazi, neno la kwanza limekwisha kukuambia umeshika nini, na linalofuata linaongeza tu kwamba ni wa nini au ya nini. Kijerumani huyaunganisha maneno hayo na kuyapindua, hivyo kwamba kitu chenyewe kinakaa mkiani. Jicho langu la Kiswahili lilisoma mwanzo wa neno, likaridhika, na mkono ukachukua. Programu haikuwahi kunionya, kwa kuwa ilinifundisha maneno mojamoja, kila moja na picha yake, ilhali dukani maneno hayakai mojamoja.

Wiki chache baadaye ikaja zamu ya kachumbari. Nililijua neno Essig, ambalo ni siki, kwa hiyo nilipoona chupa ndogo ya Essigessenz kwa bei nafuu niliichukua bila kusita. Siki ya kawaida ya mezani huwa na asidi ya takriban asilimia 5. Chupa ile ilikuwa na asilimia 25, na imekusudiwa kuzimuliwa kwa maji mengi kabla ya mtu kuila. Nilimimina vijiko vitatu vikubwa juu ya nyanya na vitunguu. Mke wangu aliporudi kazini alionja kidogo, akaitema, akaniuliza kwa sauti anayowatolea wagonjwa kama mimi mwenyewe nimekwisha kuila, kisha akanisomea mgongo wa chupa, ambako onyo lilikuwa limeandikwa waziwazi. Sikuila, nashukuru.

Kosa la tatu lilikuwa la hadharani. Majirani wa jengo letu walipanga kula pamoja uani, kila nyumba ilete kitu, nami nikajitolea kutengeneza saladi ya viazi ya Kijerumani kwa kufuata maelekezo yaliyochapishwa kwenye mfuko wa viazi wenyewe. Sentensi moja ilisema: Gießen Sie die Kartoffeln nach zwanzig Minuten ab. Kitenzi gießen nilikijua kwa picha ya mtu anayemwagilia maua, na zwanzig Minuten nilijua ni dakika ishirini, kwa hiyo nilielewa kwamba baada ya dakika ishirini niviongezee viazi maji, nami nikaviongezea, nikaviacha vichemke tena, nikashangaa kwa nini Wajerumani wanapenda saladi yao iwe kama uji. Kumbe kile kijineno ab, kilichoachwa peke yake mwisho wa sentensi, ni kipande cha kitenzi, nacho kinageuza maana yote: abgießen ni kumwaga maji na kuvichuja. Sisi tukikanusha, tunakanusha tangu silabi ya kwanza. Ukisikia "sipiki" umekwisha kujua kwamba leo hakuna chakula. Mjerumani anaweza kukwambia kwamba anapika leo, jioni, kwa ajili ya wageni, halafu mwisho kabisa akatia nicht, neno lao la kukanusha, ukalala na njaa.

Baada ya viazi ndipo nilipojiandikisha kwenye kozi. Vituo vya aina hii Wajerumani huviita Volkshochschule, vipo karibu kila mji, na ada yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya shule za lugha za binafsi. Yetu ilikuwa jioni mbili kwa wiki, vipindi vitatu kila jioni, na kipindi ni dakika 45. Niliambiwa kwa simu kwamba tunaanza halb sieben. Halb ni nusu, sieben ni saba, nikafika saa moja na nusu usiku, ambayo kwa hesabu yao ni saba na nusu, nikakuta darasa limekwisha kutumia saa nzima. Kwa Mjerumani halb sieben ni nusu ya kuiendea saba, yaani kumi na mbili na nusu yetu. Mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili ana hesabu mbili za kufanya hapo, na mimi nilifanya moja.

Kilichoifanya kozi hii istahili ada yake ni jioni moja katika wiki ya tano. Mwalimu wetu, mama wa makamo asiyependa kupandisha sauti, alikuwa ametuagiza kila mmoja alete pakiti tupu za vyakula alivyonunua, hasa vile alivyojutia. Nilidhani ni mimi peke yangu mwenye aibu za namna hiyo, lakini meza ilijaa. Mbrazili mmoja alileta Puddingpulver aliyoifungua akitarajia pudini iliyo tayari kwa kijiko, akakuta unga. Mimi nilileta pakiti ya Maisstärke, na darasa zima, Wasiria, Waukraine na wengineo, likataka kisa chote. Mwalimu alizipanga pakiti ubaoni, akafunika kwa kiganja mwanzo wa kila neno, akaacha mkia tu uonekane: Pulver, Stärke, Essenz, yaani unga, wanga na kimiminika kikali. Akatuuliza, hiki ni kitu gani? Baada ya kujibu ndipo alipoondoa kiganja, tukaona ni cha nini. Aliturudishia zoezi hilo kwa familia moja ya maneno, Kokosmilch, Kokoswasser, Kokosöl na Kokosraspel (tui, maji ya dafu, mafuta ya nazi na nazi iliyokunwa), na hapo ndipo nilipopata heshima yangu, kwa maana nilikuwa mtu pekee darasani aliyewahi kukuna nazi akakamua tui kwa mkono, na nililazimika kueleza kwa Kijerumani changu cha kukwama kwa nini maji ya dafu na tui si kitu kimoja. Nilizungumza dakika nne mfululizo. Programu, katika miezi yote ile, haikuwahi kunitaka niseme sentensi tatu zinazofuatana.

Jioni hiyohiyo tulisoma maelekezo ya upishi kwa namna nyingine. Mwalimu alitufundisha kwamba tukikuta kitenzi karibu na mwanzo wa sentensi, tusifanye lolote, tusiguse hata sufuria, mpaka tufike kwenye nukta tuone kama kuna kipande chake kimeachwa huko. Alitueleza pia maana ya tarakimu zilizo kwenye pakiti za unga wa ngano, ambazo nilikuwa nikizidhania kuwa ni namba za kiwanda: unga wa 405 huacha takriban miligramu 405 za madini gramu 100 zake zikichomwa, kwa hiyo tarakimu ikiwa kubwa unga una maganda zaidi. Tangu siku hiyo chapati zangu nazikanda kwa unga wa 550 na zinakunjika bila kupasuka. Kuhusu ugali, nimepata Maismehl katika duka la Kituruki mtaa wa pili. Mehl ni unga, na uko mkiani, panapotakiwa.

Kozi nayo ina kasoro, na sitazificha. Hesabu tulizipitia kwa haraka, tena kwa kuandikiwa ubaoni, ilhali shida ya hesabu za Kijerumani ni ya masikio: wao hutaja mamoja kabla ya makumi, ishirini na tano inakuwa tano na ishirini. Jirani yangu, bibi mmoja mkarimu, alinielekeza ngazini jinsi ya kuoka vikeki, akasema fünfundzwanzig, nami nikaandika 5 kisha 2 kwa mpangilio nilioyasikia, nikaviacha ovenini dakika 52. Majimbo yote 16 ya Ujerumani yanataka nyumba za kuishi ziwe na king'ora cha moshi, na chetu kinafanya kazi vizuri sana. Zaidi ya hesabu, kitabu cha kozi kinalipiwa mbali, jambo ambalo sikuambiwa wakati wa kujiandikisha. Ofisi hujibu barua pepe baada ya siku nyingi. Na mwalimu alipougua hakukuwa na wa kushika nafasi yake, tukapoteza jioni mbili ambazo hazikufidiwa. Darasa lenyewe ni kubwa kiasi kwamba mtu mkimya anaweza kumaliza muhula bila kufungua kinywa, na nimewaona wawili waliofanya hivyo.

Mtu akiniuliza achague ipi kati ya hizi mbili, nitamuuliza kwanza kama amekwisha kuanza kuishi ndani ya lugha hiyo au bado. Aliye bado Dar es Salaam akijiandaa kwa mtihani wa A1, mwenye nusu saa ndani ya daladala, atafaidika na programu, mradi asiipe imani niliyoipa mimi. Aliyekwisha kufika na ana jiko la kuliendesha atafute darasa lenye mwalimu anayeruhusu pakiti mezani, na kabla ya kulipa aulize mambo matatu: kitabu kimo ndani ya ada au hakimo, darasa lina watu wangapi, na mwalimu akikosekana inakuwaje. Mimi nimejiandikisha muhula unaofuata, wa kuelekea B1, ngazi ya kati. Usajili wa programu sikuuhuisha, ingawa kuusitisha kulinichukua jioni nzima, kwa kuwa kitufe kilikuwa kimewekwa chini kabisa ya ukurasa na nilikuwa bado nina mazoea ya kusoma mwanzo tu.

Chupa ya Essigessenz ingali kabatini. Naitumia kutoa chokaa kwenye birika, kazi iliyoandikwa mgongoni mwake, katika mstari wa mwisho.