Gmail kwa Kiswahili: uzoefu wangu wa kujifunza barua pepe ukubwani

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaoshona sare za shule hapa Morogoro. Kwa muda mrefu barua pepe ya kikundi ilikuwa mikononi mwa kijana mmoja wa steshenari. Yeye ndiye aliyeifungua, yeye ndiye aliyejua nenosiri, na kila tulipotaka kutuma profoma, yaani karatasi ya bei anayopewa mteja kabla ya kununua, tulimlipa. Alipofunga duka na kuhama, barua zetu zote zikapotelea huko. Najua tuko wengi wa namna hii, hasa waliofunguliwa barua pepe wakati wa kuomba kazi au mkopo wa chuo, na ndio ninaowaandikia.

Niliamua kujifunza mwenyewe kwa Gmail, huduma ya barua pepe ya Google. Simu nyingi za Android zinakuja nayo tayari, na akaunti ni bure, unalipia bando tu. Binti wa kaka yangu ndiye aliyenielekeza. Jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Shangazi, weka kwanza simu yako kwa Kiswahili." Nilipobadilisha lugha kwenye mipangilio ya simu, Gmail nayo ikageuka. Hapo ndipo nilipoipenda. Badala ya kukariri mahali pa kubonyeza, nikawa nasoma kilichoandikwa na kuelewa.

Kuchagua anwani kunataka utulivu. Chukua jina ambalo mteja akilisikia kwenye simu ataliandika sawasawa, maana huku kwetu r na l hubadilishana sana. Nukta isikusumbue: kwa anwani za gmail.com, ukiandika jina lenye nukta au lisilo na nukta, barua inafika kwenye kasha lile lile. Herufi kubwa na ndogo pia hazileti tofauti.

Nenosiri ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Lichague mwenyewe, refu, liandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, na asiandike mtu mwingine kwa niaba yako, hata kama anakuharakisha. Kisha weka namba ya simu ya kurejeshea akaunti, na iwe ya laini unayoitumia kila siku, iliyosajiliwa kwa jina lako. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Hapo hata ujumbe wa kukuthibitisha utaenda kwake. Na ule msimbo unaoletwa kwa SMS asiusome mtu yeyote ila wewe. Anayepiga simu kuuomba, hata akijitambulisha kwa sauti tamu kiasi gani, anataka kuingia kwako.

Kuandika na kujibu hakuna ugumu. Aliyezoea WhatsApp atashika haraka, ila akumbuke kujaza sehemu ya mada. "Profoma ya sare, shati na sketi" inamwambia mhasibu wa shule afungue nini. Barua isiyo na mada hupitwa tu.

Viambatisho vilinichukua muda zaidi, na sasa ndivyo vinavyonisaidia zaidi. Unabonyeza alama ya pini ya karatasi, unachagua faili, unasubiri lipande. Kikomo ni MB 25 kwa barua moja. Ikizidi hapo, Gmail inaliweka faili kwenye Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, na kumpelekea mwenzako kiungo cha kulifungulia. Picha za mishono zikipigwa kwa kamera nzuri hufikia kikomo hicho upesi, kwa hiyo mimi hutuma chache zilizo safi. Profoma naituma kama PDF, ili mistari ya bei isivurugike kwenye simu ya anayeipokea.

Ninapowaandikia wazazi wengi kwa pamoja, anwani zao naziweka kwenye Bcc, sehemu ya anwani zinazofichwa. Kila mmoja anapata barua bila kuona anwani za wenzake. Hiyo ni heshima, na ningependa shule nazo ziizoee.

Ukituma kwa haraka, chini ya kioo hutokea neno la kutendua kwa sekunde chache, na barua inarudi. Ukiingia kwa kompyuta unaweza kuongeza muda huo hadi sekunde 30. Natamani kila anayeanza aonyeshwe hili, kwa sababu woga wa kukosea ndio unaowafanya wengi wakimbilie steshenari.

Barua taka pia zipitie mara kwa mara. Huko mna ulaghai mwingi wa zawadi na urithi, lakini oda halali ya mteja mpya nayo inaweza kuangukia humo, na baada ya siku 30 inafutwa.

Nafasi ya bure ni GB 15, na inagawanywa kati ya barua, Drive na Google Photos, yaani hifadhi ya picha ya Google. Ukiacha picha na video zote za simu zijihifadhi zenyewe huko, zitaijaza, na ikijaa barua mpya hazipokelewi. Mimi nimezima uhifadhi wa picha kwenye akaunti ya kikundi. Na kwa aliyefungua barua pepe kwa ajili ya maombi tu: Google huweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2, kanuni iliyotangazwa mwaka 2023. Kama yako ipo na nenosiri unalikumbuka, ingia leo, na uangalie namba ya kurejeshea ni ya nani.