Biblia 24 za darasa la kanisa letu, Malindi: baada ya miezi minane

Kama unatafuta Biblia za kununulia darasa la kanisa, hasa kanisa lenye wazee wengi, pengine haya yatakufaa. Mimi ni fundi cherehani wa Barani, hapa Malindi, na ndiye katibu wa darasa letu tangu lilipoanza. Nakala zote 24 zimepita mikononi mwangu, nyingine mara mbili tatu, kwa sababu zikichanika huletwa kwangu.

Niseme kwanza kwa nini tulizinunua. Shakahola iko kaunti hii hii yetu ya Kilifi. Mwaka 2023 katika ule msitu ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu waliofundishwa wafunge kula mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Siku zile ukisema unatoka kanisani, watu wanakutazama mara mbili. Mteja wangu mmoja, mama wa Kiislamu ninayemshonea dera la Idi kila mwaka, aliniuliza kwa upole kabisa, wala hakuwa na nia ya kunichoma: "Mwanangu, na nyinyi huko mnasoma wenyewe au mnasomewa?" Nilinyamaza. Tulikuwa tunasomewa. Kanisa zima lilikuwa na Biblia tisa, moja ikiwa ya mchungaji.

Swali lile nililipeleka kwa wazee wa kanisa. Jumapili iliyofuata mchungaji hakupanda mimbarini, alisimama chini katikati yetu, akatuomba tufanye agano. Tusome Mathayo sura kwa sura, kila mtu akiwa na Biblia yake au ya kushirikiana na jirani. Mahubiri yasianze kabla hatujaisoma sura wenyewe na kuulizana. Na kila tukisoma, tutoke na jambo moja la kutenda kabla ya Jumapili nyingine. Mikono ikainuliwa, tukaanza kuchanga. Ilikuwa msimu wa kusi, hoteli nyingi zimefungwa na vijana wako nyumbani bila kazi, kwa hiyo mchango ulikuja kwa sarafu na noti za hamsini hamsini. Kuna aliyeleta nazi 30 tukaziuza.

Tuliagiza 18 za tafsiri ya Union Version zenye maandishi makubwa na zipu, na sita za tafsiri ya Habari Njema. Muuzaji tuliyemtumia pesa kwa simu alituletea nakala tano za maandishi madogo kati ya zile 18, na tulikuwa tumelipia kubwa. Alikataa kubadilisha. Iliniuma sana, maana najua ile pesa ilitoka wapi. Ushauri wangu: nenda dukani mwenyewe, fungua kila nakala kabla hujalipa.

Maandishi makubwa ndiyo yaliyobadilisha darasa letu. Hawe mmoja, yaani bibi mzee, anayeketi benchi la mbele, karibu na mlango, alijifunza kusoma gumbaru akiwa mtu mzima, lakini Biblia hakuwahi kuisoma kwa sababu herufi zilimponyoka. Tulipofika sura ya tano alisimama bila kuitwa. Akaweka kidole chini ya neno, kidole kimepinda kwa miaka ya kusuka makuti, akakisogeza polepole mpaka mwisho wa aya ile ya heri ya kwanza, ya maskini wa roho. Hakuna aliyemsaidia hata silabi. Ilimchukua muda wa kutunga uzi kwenye sindano mara tatu. Alipomaliza alirudia tena, safari hii bila kidole, kisha akasema, "Kumbe imeandikwa hivi hivi." Akaketi. Siku hiyo mchungaji hakuhubiri.

Kuhusu tafsiri, wengi huniuliza ipi bora. Union Version ni ya 1952, na iliitwa hivyo kwa kuwa iliunganisha: kabla yake Unguja walikuwa na tafsiri yao na Mombasa yao. Watu husema Kiswahili chake kigumu. Kwa mtu wa pwani si kigumu hivyo. "Nduguyo", "mumewe", "enenda", hayo ni maneno ya nyumbani, hawe zetu wanayasema kila siku. Wanaokwama ni vijana waliokulia Kiswahili cha shule. Kwa hao Habari Njema, iliyokamilika miaka ya 1990, inafungua haraka. Sisi tunasoma zote mbili kwa pamoja, mmoja hii, mwingine ile, na hapo ndipo maswali huzaliwa. Union Version inasema "Mwana wa Adamu", Habari Njema inasema "Mwana wa Mtu". Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza kama ni mtu yule yule, tukakaa juu ya swali hilo karibu nusu saa. Nilifurahi mno. Pasipo maswali kama hayo, mtu anaweza kuambiwa lolote.

Mara nyingine nikipeleka nguo kwa wateja wa mjini hupita karibu na kile kikanisa cha Wareno. Inakumbukwa kwamba mmisionari Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Misa zao zilikuwa za Kilatini. Ikapita miaka 300 mpaka mmisionari Krapf afike Mombasa, 1844, na kuanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Nikifikiria hiyo miaka 300, siwezi kuiacha Biblia ifungwe kabatini.

Sura ya tano tuliisoma wiki saba. Hatukuweza kuiruka. Tulipofika pale inapoagizwa kwamba ukileta sadaka yako ukakumbuka nduguyo ana neno juu yako, uiache kwanza ukapatane naye, nilihisi uso unawaka. Mimi na wifi yangu tulikuwa hatusemezani mwaka wa pili, kwa ajili ya cherehani ya marehemu mama mkwe. Niliichukua nikisema mimi ndiye fundi. Yeye hakuambiwa, alikuta haipo. Sadaka yangu, shilingi 200, ilikuwa mkononi. Nikaiweka benchini, nikatoka, nikapanda bodaboda hadi Muyeye. Wifi alikuwa akichambua mchicha mlangoni. Aliponiona akasimama ghafla.

"Kumefiwa?"

"Hakujafiwa, wifi. Nimekuja kwa ajili ya cherehani."

Alinitazama kitambo. Kisha akaingia ndani, akatoka na maji ya kunywa. Hatukusema mengi. Tulikubaliana binti yake aje kwangu ajifunze ufundi, na akishajua, cherehani iwe yake. Niliporudi kanisani ibada imeshakwisha, na zile 200 ziko pale pale, Hawe ameketi kando yake akizilinda.

Sasa uimara, kwa sababu nakala hizi zinatumika kweli. Usinunue za zipu ukiishi karibu na bahari. Chumvi imezila, mwezi wa nne tu zipu 11 zilikuwa zimeota kutu na hazivutiki. Karatasi ni nyembamba, kalamu ya wino inapenya upande wa pili, tumieni penseli. Jalada gumu likipata unyevu linavimba pembeni. Nimezishonea mifuko ya vipande vya leso, inasaidia. Na msiziweke chini ya benchi, mchwa wamekula Ufunuo wote wa nakala moja.

Maandishi makubwa nayapa nyota tano. Nakala kwa ujumla, nne. Muuzaji, moja, na hiyo ni kwa kuwa mzigo ulifika. Bei ya maandishi makubwa iko juu, lakini afadhali kumi ambazo wazee wanaweza kuzisoma kuliko thelathini wanazozishika tu.

Jumapili hii tunaingia sura ya 18, ya kumwonya nduguyo mkiwa wawili peke yenu, na kuna watu wawili kanisani wameshaanza kutazamana. Nakala ya Hawe iko kwangu mpaka Jumamosi. Nang'oa zipu, natia vifungo vikubwa ambavyo vidole vyake vitaviweza.